Sura ya Tisa: Wa Kwanza Kubatizwa

Mwizi anayetia sahihi yake kisha akaandika na saa, Inspekta Yaw Dwamena alikuwa hajapata kumwona, na upelelezi alikuwa ameufanya miaka kumi na tisa. Aliigeuza ile kadi, nyuma akakuta patupu. Akaigeuza tena. Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, daftari namba kumi na nne, limetolewa na N. Bekoe. Ulikuwa mwandiko wa shule za misheni, herufi zimesimama wima kama zinakaguliwa. Safu ya kurudisha haikuwa na kitu.

Leo ilikuwa Alhamisi. Daftari lenyewe lilikuwa la baraza la wazee wa kanisa la Abotareso, la tangu mwaka 1868 hadi 1889: nani kabatizwa, nani katengwa na meza ya Bwana kwa kuoa mke wa pili, nani kaonekana akitoka kwa mganga. Idara ya Taaluma za Dini ililiweka katika chumba chake cha nyaraka, ndani ya kabati la chuma, na kabati hilo halikuvunjwa. Jana wakili mmoja alikuja na barua ya baraza la machifu, akitaka nakala ya kurasa za mwanzo. Kabati likafunguliwa mbele yake, na mahali pa namba kumi na nne pakakutwa pengo. Profesa Ntiriwaa Bekoe, aliyefundisha historia ya Ukristo chuoni hapo miaka thelathini na sita, aliulizwa mbele za watu. Akajibu kwamba amelitoa yeye, na kwamba hatasema lilipo. Ndipo polisi wakaitwa.

Kamati ya nidhamu ilikuwa ikutane saa kumi alasiri. Asiposema, angefukuzwa kama mwizi miezi miwili kabla ya kustaafu, jina lake likafutwa kwenye orodha ya walimu, na kozi aliyoijenga tangu nywele zake zikiwa nyeusi ingepewa mtu mwingine. Sasa ilikuwa saa tatu, na vumbi la harmattan, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeanza kutua juu ya meza.

Mlalamikaji alikuwa mkuu wa idara mwenyewe, Dk. Ofosu Kissi, mtu wa suti kamili na kitambaa cha kufutia miwani. Yeye alifundisha maadili, somo linalomzoesha mtu kuwa na hakika na kila jambo. Alimkaribisha Dwamena kiti, akampa maji, akamweleza kwamba chanzo cha yote ni kisasi. Mwezi wa kumi Profesa aliomba aongezewe mkataba afundishe mwaka mmoja zaidi, na yeye Kissi akakataa, kwa sababu vijana nao wanataka nafasi. Mama wa watu hakugomba wala hakununa. Aliaga tu akaondoka, na hilo ndilo lililomtia Kissi wasiwasi, maana kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Kisha Jumatatu, katika kikao cha walimu, Kissi alitangaza kwamba wakili wa nyumba yao atakuja kuchukua nakala. Jumanne asubuhi daftari likayeyuka. Mtu akitaka ushahidi zaidi ya huo, alisema, basi huyo anataka kupelekewa kwa sinia.

Dwamena aliuliza nyumba yao inalitakia nini daftari la kanisa. Kissi akaeleza kwamba kiti cha Benkum, uchifu wa mkono wa kushoto, kiko wazi tangu mwaka juzi, na nyumba mbili zinakigombea. Mgombea wa upande wao ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, kwa kuwa ukoo hufuata upande wa mama. Wapinzani wao wamesema hadharani kwamba nyumba ya kina Kissi ni ya watu wa juzi.

"Bibi mzaa bibi yake mama yangu ndiye mwanamke wa kwanza kubatizwa mji huu," alisema, na miwani akaivua kabisa. "Rosina Abena. Wa kwanza, Inspekta. Siku hizo mababu wa hawa wanaotupinga walikuwa bado wanaimwagia miti pombe. Jumatatu ijayo daftari likisomwa mbele ya baraza, pande zote mbili zinasikia, kesi imekwisha."

Dwamena aliliandika jina hilo, kwa sababu alikuwa na desturi ya kuandika kila jina.

Mtunza nyaraka, Mzee Mireku, alikuwa na mafua na hasira, na kwa vyote viwili alililaumu vumbi. Funguo za kabati ziko mbili, alisema, mmoja wake na mmoja wa Profesa. Mkuu wa idara aliutaka wa tatu akanyimwa. Jumanne Profesa alifika mapema, akafungua, akatia sahihi, akalifunga daftari kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akalitia kwenye mkoba. Alikuwa na machozi? Hapana. Alikuwa na haraka? Hata haraka hakuwa nayo. Alimwambia Mireku kwamba akiulizwa aseme ni yeye Bekoe, asije akabebeshwa mzigo mtu mwenye wajukuu. Mireku aliposimulia hapo alipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko mafua yenyewe yalivyohitaji.

Halafu, kwa sauti ya chini, akaongeza la kwake. Jumanne hiyo hiyo jioni alimwona Dk. Selorm Agbenya, mhadhiri wa idara hiyo, akibeba sanduku zito kwenda kwenye gari lake, shingo ikigeuka huku na huku. Na huyo Agbenya amekuwa akilimezea mate lile daftari mwaka mzima.

Dwamena hakuwa mtu wa kudharau shingo inayogeuka. Alimkuta Agbenya akila kenkey, ugali wa mahindi yaliyochachuka, na samaki ofisini, kijana mrefu, mwenye tai iliyolegezwa. Alipoulizwa habari za sanduku alisimamisha tonge hewani. Akakana, kisha akasahau alichokana, kisha akaomba mlango ufungwe. Sanduku bado lilikuwa ndani ya gari. Walikwenda wote wawili, buti likafunguliwa, na humo Dwamena akakuta karatasi za mtihani wa muhula uliopita, mia mbili na kumi, hata moja haijaguswa kwa kalamu nyekundu.

"Inspekta, nakuomba, Dk. Kissi asijue," alisema Agbenya. "Nimemwambia nimemaliza tangu Krismasi."

Dwamena alimwambia kwamba hilo si kosa la jinai, ingawa lingepaswa kuwa. Kijana alivyopata ahueni akawa mwepesi wa kusema. Ni kweli alilitaka daftari, alikuwa akiandika kitabu. Profesa alimruhusu kulisoma lote, Mireku akiwa amekaa ubavuni kama mlinzi wa mochwari, isipokuwa ukurasa wa tatu hadi wa sita. Kurasa hizo zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi, ukingoni, mshono mdogo wa mkono. Alipomuuliza Profesa kwa nini, aliambiwa kwamba hizo zina wenyewe.

"Zimeshonwa lini?"

"Mireku anasema alizikuta hivyo, naye ana miaka ishirini na mbili hapa. Wanafunzi wote wanajua. Ukifika ukurasa wa pili unaruka hadi wa saba."

Basi zilishonwa zamani, Dwamena aliwaza akirudi kwenye jengo, kabla ya Kissi kuajiriwa na kabla ya kiti chochote kugombewa. Kisasi gani hicho kinachoshonwa miaka ishirini kabla ya ugomvi? Akaichukua ile habari ya mkataba akaipigia mstari mwembamba kwenye daftari lake, mstari wa kufuta.

Profesa Bekoe alimpokea kwa adabu zote. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya kamba na nywele zilizokatwa chini kabisa, na ofisi yake ilikuwa tayari imepakiwa nusu kwenye maboksi. Dwamena alimwamkia kama mtoto anavyomwamkia mama yake. Kisha akamuuliza aliyopaswa kuuliza, naye akajibu aliyokwisha kuyajibu jana.

"Nililitoa mimi. Liko salama, halijapungua hata uzi. Lilipo sitasema."

"Mama, saa kumi watakufukuza."

"Najua. Saa hawajaibadilisha?" Alitazama saa ya ukutani, akachukua vitabu vyake. "Nina somo saa tano, mwanangu. Kama hunitii pingu sasa hivi, wanafunzi wananingoja."

Kumtia pingu hakukuwamo katika mipango ya Dwamena. Alimfuata, akaketi kiti cha nyuma kabisa cha ukumbi, magoti yakigusa meza ndogo ya wanafunzi. Wanafunzi walikuwa wamejaa kuliko idadi ya darasa, wengine wamesimama ukutani, maana habari ilikuwa imeenea. Profesa hakuigusia. Alipangusa ubao kwa mkono wake mwenyewe, akaandika swali moja: Nani alikuja kwanza?

Alifundisha bila kusoma popote. Mzungu amefika, alisema, amejenga nyumba ya mawe, amepiga kengele. Nani atakwenda? Wanafunzi wakataja wagonjwa, wakataja maskini, mmoja akasema wapenda biskuti, wakacheka, na yeye akacheka nao. Halafu akawaambia wafikirie vizuri. Mtoto mwenye mjomba akienda misheni, kesho yake mjomba anakuja kumchukua na fimbo. Mwanamke mwenye ukoo akienda, ukoo mzima unakaa kikao. Anayebaki kule ni yule ambaye hakuna atakayekuja kumwulizia.

"Kwa hiyo Wakristo wa kwanza walikuwa watumwa?" aliuliza msichana wa mstari wa mbele.

Si wote, alijibu Profesa, lakini wengi, tena katika miji mingi ya ukanda huu. Watoto walionunuliwa masoko ya mbali, watoto waliowekwa rehani wakasahauliwa. Misheni iliwakomboa, ikawapa majina, ikawafundisha kusoma kabla ya watoto wa wenye mji. Ndio maana wajukuu wao wakawa walimu, wakawa wachungaji, wakawa madaktari, na leo wanakaa viti vya mbele kanisani. Alisema hayo kwa upendo mtupu, kama mtu anayesifu watoto wa dada yake.

Msichana hakuridhika. "Sasa Mama Prof, mbona hututajii majina? Huko si kuficha historia?"

Profesa aliiweka chaki chini.

"Kila mmoja wenu alifundishwa nyumbani kwao: mtu hafichui mwenzake alikotoka. Sheria hiyo ni kuukuu kuliko chuo hiki. Bila hiyo, miji yetu ingekuwa imepasuka vipande zamani. Historia nimewafundisha muhula mzima, sijaficha hata nukta. Watu ndio ninaowasitiri. Hayo ni mambo mawili, na asiyeweza kuyatenganisha asisomee kazi hii."

Kalamu ya Dwamena ilikuwa imesimama. Alirudi nyuma kurasa nne za daftari lake, akalikuta lile jina aliloliandika asubuhi kwa mazoea. Rosina Abena, wa kwanza kubatizwa. Jina la ubatizo na jina la siku ya kuzaliwa, basi, jina la baba hakuna, la ukoo hakuna. Bibi yake mwenyewe Dwamena alikuwa mke wa katekista, na watu wote aliowahi kuwataja wa zama hizo walikuja na mikia mirefu ya majina ya kwao.

Alibaki kitini wanafunzi walipotoka, akaipanga. Kurasa zilizoshonwa ni za mwanzo kabisa, ndiko waliko wabatizwa wa kwanza. Wakili alitaka nakala ya kurasa hizo hizo. Jumatatu zingesomwa kwa sauti mbele ya wazee wa mji, pande zote mbili zikisikia, na wapinzani wa kina Kissi wasingehitaji kusema neno. Nyumba nzima, watu mia na ushee, ingeamka asubuhi inahesabiwa wenyeji na kulala jioni inahesabiwa mali iliyonunuliwa. Kiti kingewapita, na hicho kingekuwa kidogo. Wangeulizwa mashamba wamepewa na nani. Binti zao wangeulizwa na wakwe. Na aliyeilazimisha siku hiyo ifike ni Kissi mwenyewe, kwa fahari zake, kosa la mtu aliyelelewa akijua kuwa wa kwanza kanisani ni heshima na hajawahi kujiuliza kwa nini hao wa kwanza walikuwa na nafasi ya kwenda. Angelikuwa amesoma historia badala ya maadili, angetetemeka kabla ya kumtuma wakili.

Ilibaki kujua daftari liko wapi. Mwanamke aliyeshona karatasi badala ya kuichana hawezi kuichoma. Aliyetia sahihi hawezi kuiba. Dwamena alikwenda kwa Mireku akaomba jalada la vitu vilivyoingia idarani tangu mwanzo, na Mireku, akipiga chafya, akamshushia majalada saba. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Aliinama saa nzima. Katika la tano aliipata barua ya mwaka 1986, karatasi ya kaboni iliyofifia, imetiwa sahihi na wazee wa kanisa na mhadhiri kijana, N. Bekoe. Daftari halikutolewa zawadi. Lilikopeshwa, lirudi kwa wazee siku yoyote watakapolihitaji, au siku mhadhiri huyo atakapoona usalama wa daftari umepungua.

Kanisa liko ng'ambo ya barabara. Karani wa wazee wa kanisa, mama mtu mzima mwenye miwani mbili, moja puani na moja kifuani, hakumzungusha. Alifungua mtoto wa meza akatoa stakabadhi: limepokelewa Jumanne saa tatu asubuhi, uzi haujakatwa. Alimuuliza kama anataka kuliona. Dwamena akasema hataki. Mama yule akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri.

"Sisi si wavunja sheria," alimwambia. "Barua ya machifu ikija hapa, tutalitoa. Lakini barua huenda mahali panapojulikana."

Alimpa nakala ya stakabadhi bila kuombwa mara ya pili. Dwamena alivuka barabara nayo mfukoni. Alikuwa amepata alichotumwa, kwa maana daftari limerudi kwa mwenyewe, wizi haupo, mtuhumiwa ni msafi. Polisi mwingine angeenda kula.

Saa nane alikuwa tena mbele ya Profesa. Alimwekea ile stakabadhi mezani, akamwambia kwamba karatasi hii inamtoa. Kamati itaisoma dakika moja na kila mtu atakwenda nyumbani.

Profesa aliisoma, akaikunja pale pale ilipokunjwa.

"Inanitoa mimi. Inamwingiza nani?"

Dwamena alielewa. Wakili alikuwa na barua yake tayari, na kutoka ukumbi wa kamati hadi kanisani ni mwendo wa dakika tatu. Dwamena alijaribu kusema kwamba miaka thelathini na sita si kitu cha kutupa. Watoto wa watu watasoma kwamba aliiba. Kwa mara ya kwanza siku hiyo macho ya yule mama yakajaa maji, na hakujisumbua kuyaficha.

"Inaniuma," alisema. "Usidhani haiumi. Nimeitwa mwizi mbele ya mtunza nyaraka wangu. Lakini mimi nimebakiza miezi miwili. Kuna wenye watoto shuleni. Kuna wenye makaburi pale nyuma ya kanisa, wanayapaka chokaa kila Pasaka. Rudisha karatasi hii kwa karani wa kanisa, nakuomba kama mwanangu."

Hakuirudisha. Aliitia mfukoni, akashuka ngazi polepole, na kufikia ngazi ya mwisho alikuwa ameshajua atakalofanya. Hakulipenda, lakini katika kanuni za polisi halikukatazwa. Katika sheria ile nyingine, ile kuukuu, lilipita ukingoni kabisa, na Dwamena alimwomba radhi bibi yake kimoyomoyo.

Saa tisa na nusu aliingia kwa Dk. Kissi na fomu ya maelezo ya mlalamikaji. Alimweleza kwamba jalada haliwezi kufungwa bila sehemu ya mwisho, inayosema kitu kilichopotea kilikuwa kithibitishe nini. Kwa kuwa ni habari ya nasaba, itabidi aandike kwa mkono wake: huyo bibi Rosina, mama yake ni nani, mji wa kwao ni upi, ukoo gani, na mjomba aliyepokea kinywaji cha posa siku alipoolewa anaitwa nani.

Kissi alifurahi. Alisema hatimaye amepata polisi anayejua umuhimu wa mambo. Akavuta kiti, akachomoa kalamu ya wino, akaandika jina la Rosina Abena na mwaka wa ubatizo kwa mwandiko wa kujivuna. Penye mama yake akaruka, akisema atarudi. Penye mji akaandika Abotareso, akalikata, kwa sababu hapo ndipo alipobatizwa na swali ni kwao. Akacheka kidogo.

"Bibi yangu alikuwa akisema Rosina alikuja na wamisionari," alisema. "Alikulia nyumbani kwao. Hata kinywaji cha posa alikipokea mke wa mchungaji, mzungu. Hiyo hadithi bibi aliipenda, aliisimulia kila Krismasi kwa maringo."

"Andika tu unachokijua, Daktari."

Kissi aliinamia fomu. Kalamu iligusa karatasi penye neno mjomba, ikabaki hapo, na wino ukaanza kufanya doa. Dwamena aliangalia dirishani. Nje wanafunzi wawili walikuwa wakigombea kiti kimoja cha kivulini.

"Mwanamke hatoki nyumbani kuolewa bila mjomba," alisema Kissi, taratibu, kama anayesomea mtu mwingine. "Hata aliye yatima. Ukoo unatafuta mtu." Akaifunika kalamu. "Hilo daftari umelisoma, Inspekta?"

"Sijalifungua. Wala sitalifungua."

Kissi aliikunja fomu mara moja, mara mbili, mpaka haikukunjika tena. Uso wake ulikuwa umezeeka, na Dwamena, ambaye asubuhi hakumpenda, sasa alitamani angekuwa na la kumfariji. Kissi aliuliza kama malalamiko yanaweza kuondolewa. Dwamena akasema yanaweza, karatasi moja tu. Akaiandika, akatia sahihi: hakuna wizi, daftari lilitolewa kwa utaratibu na mhusika, mlalamikaji alikosea. Akainua simu akamwambia wakili wao kwamba nyumba imeamua kuendelea na kesi bila vitabu vya kanisa, na asiulize. Kisha akampigia katibu wa kamati, akamwambia watu watawanyike.

Zilibaki dakika kumi. Sheria ilitaka na mtuhumiwa atie sahihi, kwa hiyo walipanda wote wawili. Profesa alikuwa ameketi na mkoba wake mapajani, amejitanda kitambaa cha kwenda kuhukumiwa nacho, cheusi. Dwamena alimpa karatasi, naye akaisoma, akatia sahihi na saa. Mkono wake ulikuwa imara, lakini alipomaliza aliuweka kifuani, akashusha pumzi ndefu.

Kissi hakuwa ameingia. Alisimama kizingitini, miwani mkononi, mtu aliyezoea kuingia ofisi hiyo bila kubisha. Alianza kuomba radhi, sentensi ikamkatikia. Akaanza kusema jambo juu ya mkataba wa mwaka ujao, nalo likamshinda. Mwisho akauliza lile alilokuja nalo, kwa sauti ndogo sana.

"Profesa. Nani mwingine anajua?"

Yule mama alimtazama machoni, mtulivu, hana hata chembe ya mzaha.

"Anajua nini, Daktari?" akasema, akamvutia kiti.